Siku sita na kamba ya mita sita na nusu

Jumanne, London

Kamba niliinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwa dada. Nikaipima kwa futi hadi mita 6.5, nikapiga fundo, nikaizungusha mkononi. Dada akaniangalia akiwa mlangoni. "Kaka, umetoka Tanga mpaka Ulaya kuja kufunga mbuzi?"

"Naenda kupima sarakasi."

Hakuuliza zaidi. Binti yake, mwenye miaka 11, alikuwa likizo ya nusu muhula na kuta za nyumba zilishamchosha. Alivaa viatu kabla sijamaliza chai yangu.

Nieleze kwanza. Sarakasi niliyokulia nayo ni ile ya vijana kwenye uwanja wa shule, wanapandiana mabegani, wanapita ndani ya pete ya moto, wanapinda mgongo mpaka kichwa kinachungulia kati ya miguu. Siku hizi hata neno lenyewe limehama, ukisema sarakasi watu wanadhani unazungumzia siasa. Baadaye nikasoma habari za karne ya 19 nikajikuta sijui kitu. Mtu aliyelipa kiingilio cha sarakasi enzi zile alikuwa anakwenda kuona farasi. Watembea juu ya kamba walikuwepo, wachekeshaji walikuwepo, lakini hao walikuwa kachumbari. Pilau yenyewe ilikuwa farasi. Nikataka kuona kilichobaki.

Tulivuka daraja la Westminster kwa miguu, upepo wa mto ukitupiga masikioni. Ng'ambo kuna hospitali ya St Thomas', na hapo ndipo liliposimama jumba la Astley. Philip Astley alikuwa sajenti meja wa askari wapanda farasi. Mwaka 1768, kwenye uwanja usio mbali na hapo, alianza kufundisha watu kupanda farasi asubuhi na kuonyesha ufundi wake mchana. Onyesho lake hakuliita sarakasi. Jina la sarakasi lililetwa mwaka 1782 na mshindani wake, Charles Hughes, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wake mwenyewe. Mambo ya biashara hayo.

Ujanja wa Astley ulikuwa duara. Ukimkimbiza farasi kwa mstari ulionyooka, mtazamaji atakuona ukija, atakuona mgongo, basi. Ukizunguka, kila aliyelipa anakuona muda wote. Na kipimo kilichokuja kutulia ni futi 42 kutoka ukingo hadi ukingo, karibu mita 13. Nusu ya hiyo ndiyo kamba yangu.

Nyuma ya hospitali kuna bustani iitwayo Archbishop's Park. Tulichomeka mwavuli kwenye nyasi, tukafunga kamba, mpwa wangu akashika ncha na kuzunguka huku akidondosha majani ya njano yaliyojaa chini ya miti. Dakika kumi hivi, duara likatokea. Nilisimama katikati nikashangaa udogo wake. Ni kama ua wa nyumba ya kawaida.

"Sasa kimbia. Fuata majani, kwa nguvu zako zote."

Mzunguko wa kwanza alikimbia wima. Wa pili, alipokolea, mwili ukaanza kulala kuelekea kwangu, bega la kushoto chini, la kulia juu. "Mjomba, naanguka ndani!"

"Huanguki. Endelea."

Hakuanguka, kwa sababu mwendo wa kuzunguka unakusukuma nje na wewe unajilaza ndani kuushinda. Farasi naye hulala vilevile, na aliyesimama juu ya mgongo wake akilala pamoja naye, nyayo zinagandamizwa mgongoni badala ya kuteleza. Hiyo ndiyo siri ya mtu kusimama wima, bila tandiko, juu ya mnyama anayekimbia. Punguza duara, farasi hawezi kukimbia vizuri. Lipanue sana, ule mlalo unapotea, na mtu wa katikati hamfikii tena farasi kwa ncha ya mjeledi. Wazee wawili wenye mbwa walisimama kututazama. Mmoja akapiga makofi.

Bamba la kumbukumbu liko kwenye bustani ya hospitali. Tulilipita mara mbili bila kuliona.

Usiku, jikoni, nilimweleza mtoto jioni moja kwa Astley katika miaka ya 1820 ingekuwaje. Unaingia ndani, unakuta jukwaa kama la tamthilia, na mbele yake, mahali ambapo ungetegemea viti, kuna duara lililotandazwa unga wa mbao. Jukwaa na duara vimeunganishwa kwa njia za mteremko, kwa hiyo vita vinaanzia jukwaani na vinashuka mpaka mbele ya pua yako. Mwaka 1824 waliigiza vita vya Waterloo humo ndani kwa farasi na baruti, na watu wakafurika. Jumba lilikuwa la mbao nyingi, na historia yake inaonyesha hivyo: liliungua 1794, likajengwa, likaungua 1803, likajengwa, likaungua tena 1841.

Nyota wa miaka hiyo alikuwa Andrew Ducrow. Mwaka 1827 alianza onyesho la mjumbe wa mbio anayekimbilia St Petersburg: anasimama mguu mmoja juu ya farasi huyu, mguu mwingine juu ya yule, halafu farasi wengine wanapita mmoja mmoja katikati ya miguu yake, na yeye anadaka hatamu za kila anayepita. Kila farasi ni nchi moja ya njiani.

"Wakati wote huo anazunguka lile duara letu?" akauliza mpwa.

"Lilelile."

Akanyamaza, akaenda kulala.

Jumatano, London

Mvua. Tukaingia National Gallery, jumba la michoro ambako hakuna kiingilio, jambo zuri kwa mgeni mwenye shilingi za kuhesabu.

Nilikuwa na mchoro mmoja tu wa kuutafuta. Mfaransa Degas aliuchora mwaka 1879: mwanamke amening'inia hewani, ameuma kamba kwa meno, anavutwa juu kwenye kuba la Cirque Fernando huko Paris. Jina lake la kazi lilikuwa Miss La La. Jina lake hasa ni Anna Olga Albertina Brown, alizaliwa 1858 Stettin, mji ambao siku hizo ulikuwa wa Prussia, baba Mmarekani mweusi, mama mzungu wa hukohuko.

Nilidhani nitatazama dakika mbili. Tulikaa nusu saa. Kinachokushika ni kwamba hakuna chini. Hakuna duara, hakuna watazamaji, hakuna farasi, ni nguzo na kuta za rangi ya chungwa na kijani zinazopanda kwa upande, na yeye juu kabisa, kushoto, uso umeelekezwa darini. Mikono ameitanua, magoti ameyakunja. Shingo yote imekuwa uzi. Degas amekuweka wewe kwenye kiti cha mtazamaji, umeinua kichwa mpaka kisogo kinauma. Alikwenda kwenye sarakasi ile jioni kadhaa za Januari akichorachora, na kilichomtesa zaidi ni lile jengo kuliko mtu, mpaka akatafuta fundi wa vipimo amsaidie mistari ya dari.

Na hili halikuwa onyesho lake kubwa. Kubwa lilikuwa la mzinga. Ananing'inia kichwa chini kwa magoti kwenye bembea, mzinga unafungwa kwa minyororo na kushikiliwa na meno yake, kisha unapigwa. Mzinga halisi, unatoa moshi.

Mpwa wangu alijaribu meno yake kwa kuuma mshipi wa begi. Mlinzi akatabasamu, mimi nikamwambia aache.

Alhamisi, Leeds

Treni ilichelewa karibu saa nzima na joto la ndani lilikuwa halifanyi kazi. Tulifika Leeds, mji wa kaskazini mwa Uingereza, tumeganda kama samaki wa friji.

Tulimfuata mtu aliyezaliwa Norwich kwa jina la William Darby na kujulikana na Uingereza nzima kwa jina la Pablo Fanque. Mtu mweusi. Alichukuliwa kuwa mwanagenzi wa sarakasi ya William Batty akiwa mtoto, akajifunza kupanda farasi, kuruka, kutembea juu ya kamba, na mwaka 1841 akafungua sarakasi yake mwenyewe. Sikukosea kuandika: yake mwenyewe. Mwaka 1847 alicheza kwa Astley, London, na gazeti la picha la jijini likamsifu yeye na farasi wake mweusi. Kazi yake ilikuwa mafunzo ya juu ya farasi, yale ambayo mpandaji haonekani kufanya chochote, na farasi anacheza hatua kwa hatua na muziki kana kwamba ameamua mwenyewe. Anayejua kazi huona mkono unaosogea upana wa kidole. Asiyejua huona uchawi.

Sarakasi za wakati huo zikifika mji wa namna hii hazikutegemea hema kila mara. Mara nyingi walijenga jumba la mbao la msimu mmoja, wakabandika matangazo yaliyojaa herufi za kila ukubwa, wakacheza wiki kadhaa, wakaondoka. Ndilo lililomponza Fanque hapa Leeds. Tarehe 18 Machi 1848, katika jumba la mbao pale King Charles Croft, watu wamejaa, sehemu ya viti iliachia na mamia wakaporomoka pamoja na mbao. Mkewe Susannah alikuwa chini, upande wa mauzo ya tiketi. Mbao zilimpiga kichwani. Katika umati wote ule, aliyekufa ni yeye peke yake.

Tulitembea mpaka mahali palipokuwa na jumba. Ni maduka tu, viatu na simu. Mpwa wangu aliuliza kama watu wanaonunua viatu wanajua. Nikamwambia sisi tunajua, twende.

Makaburi yapo ndani ya eneo la chuo kikuu, panaitwa St George's Field. Wamezikwa karibu watu 100,000 hapo, lakini miaka ya 1960 mawe mengi yaliondolewa, pakawekwa nyasi na njia za kupita wanafunzi. Kwa hiyo unapoona jiwe limesimama, unajua lina bahati. La Susannah limesimama. La Fanque mwenyewe liko hapohapo, dogo, na limevunjika. Alifia Stockport tarehe 4 Mei 1871, mwili ukaletwa huku kwa treni ili alale karibu na mkewe. Katika maandamano ya mazishi mbele ilitangulia bendi, na farasi wake kipenzi aliongozwa na mtunzaji katika msafara, amevalishwa, hana mpandaji.

Nilisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo. Hawakuwa watu wa dini yangu, lakini nisingeweza kusimama tu pale nikiwa nimeweka mikono mfukoni. Msichana mmoja mwanafunzi alipita akila chipsi, akatusalimia.

Kuna kasisi aliyehudumia watu wa maonyesho, Thomas Horne, aliyeandika miaka mingi baada ya kifo cha Fanque kuwa katika udugu wa watu wa farasi hakuna mstari wa rangi. Ni maneno mazuri na huenda kwa Fanque yalikuwa na ukweli. Nayaweka hapa kwa sababu ya tutakachokikuta Paris.

Ijumaa, njiani

Begi langu lilisimamishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Kijana akatoa kamba, akainyoosha kwa vidole viwili. "Hii ya nini?" Mpwa wangu akamjibu kabla yangu kuwa ni ya kupimia sarakasi. Kijana akamtazama mwenzake, akairudisha ndani. Afisa wa viza alitaka barua ya mama mtoto, ilikuwepo, dada yangu ana akili kuliko mimi.

Treni ya Paris ilipoingia chini ya bahari, giza tupu, nikamsimulia habari za Jumbo, ndovu wa Kiafrika aliyefika bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, akabeba watoto mgongoni miaka na miaka, kisha mwaka 1882 akauzwa kwa Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, huku Waingereza wakilia hadharani. Miaka mitatu baadaye, huko Kanada, treni ya mizigo ikamgonga akafa. Wapo wanaosema jina lake limetoka kwenye neno letu, ama "jambo" ama "jumbe". Halijathibitishwa. Mpwa alishaamua ni jumbe, na mjadala akaufunga.

Jumamosi, Paris

Asubuhi tulipanda Montmartre kutazama ilipokuwa Cirque Fernando, kwenye boulevard de Rochechouart. Ilibomolewa miaka ya 1970. Nyumba za kupanga, duka chini. Miss La La angekuwa ananing'inia ghorofa ya ngapi, hatukukubaliana.

Mchana rue Saint-Honoré. Namba 251 ilikuwa Nouveau Cirque, iliyofunguliwa 1886, mahali pa kitajiri ambapo duara liliweza kushushwa likawa bwawa la maji. Humo alicheza Rafael Padilla, mzaliwa wa Cuba, mtoto wa watumwa, aliyeitwa na Paris nzima "Chocolat". Mwenzake alikuwa Mwingereza George Foottit, uso umepakwa unga, na mchezo wao ulikuwa huu: Foottit anapanga, Chocolat anakosea, Foottit anampiga makofi. Watu wakacheka miaka na miaka. Wapo wanaosema ndiko Kifaransa kilikopata msemo wa kuwa chocolat, yaani kuingizwa mjini. Padilla alikuwa na kipaji cha mwili wote, mcheza dansi, mwigizaji. Alipojaribu kuigiza tamthilia kubwa, walewale waliomcheka hawakumtaka. Alifia Bordeaux mwaka 1917. Bamba lake lipo ukutani, safi, linang'aa.

Ndiyo maana maneno ya kasisi nimeyaacha yaelee. Fanque alimiliki duara. Padilla aliajiriwa ndani yake. Labda tofauti yote ni hiyo, na labda siyo.

Jioni sasa. Jumba la Cirque d'Hiver, rue Amelot, kutoka kituo cha Filles du Calvaire ni hatua chache. Lilifunguliwa tarehe 11 Desemba 1852 na Louis-Napoléon, siku tisa tu tangu atangazwe kuwa mfalme mkuu, kwa hiyo likaitwa Cirque Napoléon mpaka ufalme ulipoanguka 1870. Msanifu wake ni Hittorff. Lina pembe 20, kwa mbali unadhani ni la mviringo. Langoni wamesimama farasi wa sanamu wenye wapandaji, na nilipowaona nikamwambia mpwa, unaona? Hata mlango unakwambia umekuja kuona nini.

Ndani kuna mteremko mkali wa viti. Ukikaa, magoti yako yako kwenye mgongo wa mtu wa mbele, na mtu wa nyuma magoti yake yako mgongoni mwako. Zamani waliingia maelfu, taa za gesi zikiwaka juu, joto na harufu ya mafuta ya nywele, mavazi mapana ya wanawake yanachukua nafasi ya watu wawili. Viti vya walipao vizuri vilikuwa chini karibu na duara, maskini juu kabisa darini. Sisi tulikaa juu kabisa. Nilifanya makusudi, nikamwambia mtoto ni utafiti. Alinitazama vile mama yake anavyotazama.

Taa zikazimwa, bendi ikapiga juu ya pazia la kuingilia.

Walikuja warusha vitu, akaja mchekeshaji asiyesema neno akatuchekesha mpaka machozi. Kisha bembea. Hapo nilimshika mkono, maana jambo hili lilizaliwa ndani ya jumba hilihili: tarehe 12 Novemba 1859 Jules Léotard, kijana wa Toulouse, mtoto wa mwenye ukumbi wa mazoezi, aliachia bembea moja akapita hewani akadaka nyingine. Alikuwa amejizoeza nyumbani juu ya bwawa la kuogelea. Huku Paris chini yake palikuwa na magodoro tu. Leo kuna wavu, na bado mwanamke yule alipoachia, jumba zima lilivuta pumzi kwa pamoja, sauti kama wimbi linaporudi baharini.

"Mjomba," mpwa akaninong'oneza, "farasi wako wapi?"

Walikuja sita, weupe, hawana tandiko wala mpandaji. Mtu mmoja katikati, mjeledi mrefu umeelekea chini. Hakumpiga yeyote; aliuinua kidogo wakakaza, akaushusha wakapunguza. Kutoka juu tulikuwa tunaona migongo yao kama vidole vya mkono mmoja unaozunguka. Walipokolea, wote sita wakalala ndani, mabega ya kushoto chini. Mchanga ulirushwa mpaka safu ya kwanza, mama mmoja akafuta mkufu wake. Harufu ya farasi ilipanda taratibu mpaka kwetu darini, jasho na nyasi kavu, na ninaamini hiyo ndiyo sehemu pekee ya karne ya 19 iliyotufikia jioni ile bila kubadilishwa.

Mpwa wangu alikuwa amesimama. Bega lake la kushoto limeshuka.

Tulipotoka hakutaka kwenda hotelini. Alitaka kujua farasi wanalala wapi. Tukazunguka jengo kwa nje, pembe moja baada ya nyingine, yeye akihesabu kwa sauti. Upande wa nyuma akasimama, akaweka sikio ukutani. Nami nikaweka. Kwato ziligonga sakafu mara mbili, zikatulia, halafu mnyama mmoja akapumua kwa nguvu puani.

"Kumi na tatu," akasema, akaendelea kuhesabu pembe.

Jumapili

Kamba nimemwachia yeye.